Chumba cha vioo Kisumu: anza na kivuli, kioo kije baadaye

Chumba cha vioo ni ubunifu wa nchi za baridi. Kazi yake ya asili ni kuteka joto: mwanga wa jua unapenya kioo, unapiga sakafu na viti, navyo vikishapata moto hutoa joto la aina ambayo kioo hakiliruhusu kutoka kwa urahisi. Kwa mtu wa Uingereza mwezi wa Februari hiyo ni neema. Kwa mtu wa Milimani, Riat au Mamboleo hapa Kisumu, ambako mchana hufika nyuzi 29 au 30 za selsiasi sehemu kubwa ya mwaka, ni adhabu ya kujinunulia.

Lakini watu wanavitaka, na sioni ubaya wake. Ziwa Viktoria liko pale, mvua ya jioni inakuja na radi zake, na mtu angependa kukaa aitazame bila kurushiwa maji wala kuumwa na mbu. Inawezekana, mradi jua lizuiwe kabla halijagusa kioo. Ndiyo maana mpangilio wa mwongozo huu unaweza kuonekana wa kinyumenyume: sakafu na paa kwanza, ukae chini yake kama baraza, vioo mwisho.

1. Chagua upande wa nyumba

Hapa ndipo chumba kinapopona au kinapoharibika, na uamuzi huu haukugharimu hata shilingi. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu, na alama yake iko kando ya barabara ya Busia. Maana yake ni kwamba jua letu halikai upande mmoja. Kati ya Septemba 23 na Machi 20 hivi linapita kusini mwetu, na miezi iliyobaki linapita kaskazini. Mchana daima liko juu sana. Asubuhi na jioni linashuka na kupiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja.

Ukuta wa kaskazini ndio bora. Unapata jua la katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti, wakati Kisumu kuna nafuu kidogo. Ukuta wa kusini unafuata, ila jua lake ni la Desemba hadi Februari, miezi ya kiangazi ambayo hakuna anayelitafuta. Pande hizi mbili zina faida moja kubwa: upenu wa kawaida unatosha kuzilinda. Kwa kioo chenye kimo cha mita 2.4, upenu unaotokeza mita moja na sentimita chache hukifunika chote jua likiwa kileleni, hata Juni 21 au Desemba 21 linapokuwa limejitenga na ikweta kabisa. Ikikaribia saa kumi na moja jioni nusu ya chini itaguswa, lakini kwa mshazari, na hilo linavumilika.

Magharibi ni habari nyingine. Fanya hesabu: saa kumi na moja jioni jua liko kama nyuzi 25 tu juu ya upeo, na kukinga kioo kilekile cha mita 2.4 ungehitaji upenu wa zaidi ya mita tano. Huo si upenu tena, ni nyumba nyingine. Tena Kisumu iko magharibi ya majira ya saa ya Kenya, kwa hiyo jua hufika utosini karibu saa saba kasoro dakika ishirini, si saa sita kamili. Saa tisa ya Kisumu ni kali kuliko inavyosema saa ya ukutani.

Shida ni kwamba mandhari ya ziwa na machweo iko huko huko magharibi. Mwenye nyumba ataniambia, "Fundi, kama sioni ziwa, hicho chumba ni cha nini?" Ana hoja. Jibu langu ni kumpa dirisha moja la magharibi, jembamba na refu, lenye pazia la nje la kushusha, na kuelekeza vioo vingine vyote kaskazini au kusini. Macho hayahitaji ukuta mzima ili yaone maji.

Walio Nakuru wana hesabu tofauti. Mji ule uko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130, na baridi ya alfajiri kule si ya mchezo. Huko, kioo cha upande wa mashariki kinachopokea jua la asubuhi ni raha tupu. Paa la vioo hata huko siliungi mkono.

2. Karatasi

Kuongeza chumba ni ujenzi. Chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 unahitaji idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuanza, na mradi unasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Tafuta msanifu majengo aliyesajiliwa akuchoree na mhandisi wa kuangalia msingi. Uliza kaunti kuhusu umbali kutoka mpaka wa ploti kabla hamjachora, si baada. Kama unaishi kwenye mtaa wenye chama cha wakazi, soma kanuni zao.

3. Msingi

Chimba shimo la majaribio kwanza, uone umesimama juu ya nini. Riat ni mawe na majabali, na kazi yako itakuwa kuchimba kwa jasho. Ukishuka kuelekea uwanda wa Kano unakutana na ule udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha unavimba na kiangazi kikija unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba ya mawe huvumilia msogeo mdogo. Kioo hakivumilii. Fremu ikipinda milimita chache tu, mlango wa kuteleza unakwama, au kioo kinalia usiku na asubuhi unakuta ufa kutoka pembeni.

Kwa udongo huo, ondoa tabaka lote jeusi mpaka ufikie maram, ile changarawe nyekundu, au ardhi ngumu, ujaze maram na kushindilia tabaka kwa tabaka. Mhandisi ndiye ataamua kina na kama unahitaji slabu, yaani bamba moja la zege lenye nondo chini ya chumba chote. Usikubali fundi afunge msingi mpya kwenye msingi wa nyumba kwa nondo. Nyumba imeshamaliza kutulia; chumba kipya ndicho kinaanza. Acha pengo la sentimita mbili hivi kati ya kuta, ulijaze kitu laini na kulifunika kwa silikoni au kipande cha bati.

Inua sakafu angalau sentimita 15 kutoka ardhini, uipe mteremko mdogo kuelekea nje. Marumaru ya kauri, terazo au hata saruji iliyosuguliwa vizuri zote zinafaa, kwa sababu zinapoa usiku na kubaki baridi asubuhi. Zulia na mbao za kubandika havifai: jua linavichujua rangi.

4. Paa, na kwa nini lisiwe la vioo

Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Kioo cha kawaida cha milimita 6 hupitisha takriban asilimia 80 ya joto hilo. Kwa hiyo paa la vioo la mita 3 kwa 4 linaingiza zaidi ya wati 9,000 ndani ya chumba kimoja, sawa na kuwasha pasi tisa na kuziacha mezani. Hakuna feni inayoshindana na hilo. Kiyoyozi kitajaribu, na bili ya umeme itakueleza kilivyojitahidi.

Watu huniuliza kuhusu polikaboneti, yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Ni mepesi na hayavunjiki kirahisi, lakini joto linaingia karibu vilevile, na yale ya bei ya chini yanageuka manjano. Kipande kidogo cha kuangazia kona, upana wa bati moja, sina ugomvi nacho. Paa zima, hapana.

Weka paa la kawaida. Mabati ya rangi nyeupe au krimu hurudisha jua vizuri kuliko ya maruni na kijani kibichi tunayoyapenda. Chini yake tandika kizuia joto, kisha dari, na kati ya bati na dari uache nafasi ya hewa yenye matundu pande zote mbili ili joto lisilale humo. Upenu ni ule wa mita moja na kidogo tuliouhesabu. Mteremko usipungue nyuzi 10, kwa sababu mvua zetu huja na upepo na maji hupanda kinyume chini ya bati lililolala sana.

Maungio ya paa jipya na ukuta wa zamani ndipo panapovuja. Dawa yake ni bati la kukinga lililokunjwa na kuchomekwa ndani ya mfereji uliochongwa ukutani, sentimita mbili au tatu, kisha kuzibwa. Bati lililobandikwa juu ya plasta kwa silikoni peke yake litavumilia msimu mmoja au miwili. Ukiona fundi amekuja na bomba la silikoni bila tindo, muulize atachongea nini.

Weka mifereji ya maji ya paa na uielekeze kwenye tangi. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 12 ni lita 600, na lita hizo zikimwagika kando ya msingi kwenye udongo mweusi umeanza kuharibu kazi ya hatua ya tatu.

5. Simama hapo, ukae barazani

Sasa una sakafu, nguzo na paa. Acha mafundi waende. Toa viti, ukae.

Hatua hii watu huiruka kwa haraka ya kumaliza, nami naiona ya thamani kuliko zote. Ukae kupitia kiangazi kimoja na mvua moja ikiwezekana. Angalia jua linaingia wapi saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Sikiliza upepo: mchana kwa kawaida unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku na alfajiri unageuka. Angalia mvua inarusha maji kutoka upande gani, na mbu wanatokea wapi giza likiingia. Chora alama kwa chaki kwenye nguzo.

Wengine wakishakaa hivyo hugundua wanahitaji vioo upande mmoja tu, ule wa mvua, na wavu pande nyingine. Wameokoa fedha nyingi, na chumba chao kinapumua kuliko cha jirani aliyefunga pande zote.

6. Fremu na vioo

Alumini ndiyo inayotumika zaidi, na kwa hewa yetu ya unyevu inafaa kuliko chuma kinachoshika kutu. Chagua rangi nyepesi. Nyeusi inapendeza kwenye picha lakini ukiigusa saa nane mchana utajuta. Fahamu kwamba alumini hutanuka zaidi ya kioo. Fremu ya mita tatu ikipanda kutoka baridi ya alfajiri hadi joto la mchana juani, tofauti ya nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 3. Kwa hiyo kioo kisibanwe moja kwa moja na alumini. Kikae juu ya vipande vya raba, kiwe na nafasi pande zote, na ukanda wa raba uzunguke mzima bila kukatwakatwa kwenye kona.

Kioo chenyewe kina aina zake, na hapa fundi wa alumini asiamue peke yake.

Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kama visu. Kisitumike chini ya kimo cha kiuno wala mlangoni. Mahali hapo weka kioo kilichoimarishwa kwa moto kiwandani, ambacho kikivunjika humwagika kama kokoto ndogo butu, au kile cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati, ambacho hupasuka lakini hubaki mahali pake. Popote kioo kitakapokuwa juu ya kichwa cha mtu, ni hicho cha utando pekee. Wakazi wa kuelekea Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe ni jambo la kawaida, wasibishane nami kwa hili.

Kioo kilichoimarishwa hakikatwi wala kutobolewa kikishatoka kiwandani. Ukijaribu kinamwagika chote. Kwa hiyo vipimo vichukuliwe baada ya fremu kusimama, kila nafasi ipimwe peke yake, juu, katikati na chini. Kikifika, kikague. Kwa kawaida huwa na muhuri mdogo kwenye kona. Ukikosa muhuri, vaa miwani ya jua ile ya kupunguza mng'ao, ukitazame kwa mshazari mchana: mara nyingi utaona madoadoa au mistari hafifu ambayo kioo cha kawaida hakina. Wauzaji hawapendi mteja anayejua jambo hili.

Uzito nao uufikirie. Kila milimita ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba, basi kioo cha milimita 6 chenye upana wa mita moja na kimo cha mita 2.4 kina kilo 36. Milango ya kuteleza ya ukubwa huo inahitaji magurudumu ya kazi nzito.

Kioo cha rangi kinapunguza mwanga, lakini sehemu ya joto kinainyonya chenyewe na kuitoa ndani polepole. Kiguse mchana uone. Tena kioo cha rangi kikipigwa na jua nusu, nusu nyingine ikiwa kivulini, kinaweza kupasuka kwa tofauti ya joto, hasa kama kingo zake zilikatwa vibaya. Kuna kioo chenye utando mwembamba wa madini unaorudisha joto la jua na kuacha mwanga upite. Ni ghali, nami ningekinunua kwa lile dirisha la magharibi tu. Pande zilizo chini ya upenu mzuri, kioo safi kinatosha.

Kwenye vioo vikubwa vinavyofika sakafuni weka ukanda wa fremu kimo cha kiuno, au alama usawa wa macho. Watoto hukimbia, na ndege nao hawajui kwamba bustani wanayoiona mbele yao ni taswira tu kwenye kioo.

7. Hewa na wavu

Hewa ya moto hupanda. Kwa hiyo weka njia ya kuingilia chini, upande wa upepo wa ziwa, na njia ya kutokea juu kabisa, upande wa pili, karibu na dari. Luva za vioo, vile vibamba vya kupindua vya zamani ambavyo watu wanaving'oa siku hizi, zinafaa mno hapa: zinafunguka karibu eneo lote, ilhali dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu. Kwa jumla, nafasi zinazofunguka zisipungue sehemu moja kwa tano ya eneo la sakafu. Juu, acha matundu yasiyofungwa kamwe, kama yale ya nyumba za zamani.

Wavu hauepukiki. Malaria ipo mwaka mzima kandokando ya ziwa, na kuna zile jioni ambapo wadudu wa ziwa huja kama moshi na kufuata taa. Wavu hupunguza upepo, ndiyo maana nafasi ziwe kubwa kuliko unavyodhani. Uwekwe kwenye fremu ya kuchomoa ili uoshwe, kwa sababu vumbi likijaa haupitishi kitu. Taa za ndani ziwe za mwanga wa manjano, na taa moja nyeupe uiweke mbali uani, wadudu wapate pa kwenda.

8. Kivuli cha nje

Pazia la ndani linazuia macho ya jirani, si joto. Jua likishalifikia limeshaingia chumbani. Kivuli kiwe nje. Dunga, kule ufukweni, wanasuka mikeka ya mafunjo ambayo ukiitundika kwa kamba na puli nje ya dirisha la magharibi inafanya kazi nzuri kwa bei ndogo. Inaoza, lazima ubadilishe, na mimi sioni hilo kuwa kasoro. Mkarakara kwenye waya hukupa kivuli na matunda. Mwarobaini upande wa magharibi ni bora zaidi kwa miaka ijayo, ila upandwe mbali na msingi, maana mizizi ikinyonya maji kwenye udongo mweusi, udongo unasinyaa.

9. Umeme

Feni ya dari moja, soketi mbili, swichi za taa. Mwambie fundi umeme aunganishe fremu zote za alumini na waya wa kwenda ardhini. Bonde la Ziwa Viktoria lina radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na fremu ya alumini isiyounganishwa si kitu cha kuegemea mvua ikinyesha.

10. Jaribio la maji, na malipo

Mafundi wakisema wamemaliza, chukua mpira wa maji. Nyunyizia kila ungio kuanzia chini kwenda juu, dakika kadhaa kila mahali, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu maji yatashuka kila mahali na hutajua tundu liko wapi. Fungua na ufunge kila mlango. Chunguza vitundu vidogo vya kutolea maji kwenye reli ya chini ya fremu. Mara nyingi huwa vimezibwa na saruji au silikoni, na reli isiyotoa maji itayamwaga ndani.

Andikeni tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi mvua kubwa ya kwanza. Fundi anayejiamini hukubali, pengine kwa kunung'unika. Asiyekubali, mwambie mzee ahsante, mtafute mwingine. Baada ya hapo kazi ni ndogo: vitundu vya reli visafishwe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, wavu uoshwe, na silikoni iliyoanza kuachia ikatwe na kuwekwa mpya.